Mrututu kwenye chupa ya Krismasi

Krismasi iliyopita nilimpelekea Mama chupa ya mvinyo mwekundu wa Ufaransa. Mgongoni ilikuwa na lile jani la kijani lililochorwa kwa nyota, alama ya kilimo hai ya Umoja wa Ulaya. Nilikuwa nimeongeza pauni nne kwa ajili ya hilo jani, kwa hiyo lazima nijisifu: "Mama, hizi zabibu hazijapigwa dawa kabisa."

Mama amekulia Machame, kwenye kihamba cha kahawa. Akavaa miwani, akaigeuza chupa. "Kabisa? Hata mrututu?"

Nikakwama. Hata neno lenyewe nilikuwa silijui.

(Kama wewe hunywi, usiondoke. Chai na kahawa dukani zina alama hizihizi.)

Mrututu ni chumvi ya shaba, buluu iliyokoza. Mama alipokuwa mdogo kazi yake ilikuwa kuchota maji. Babu anachanganya dawa, anabeba bomba mgongoni, anapuliza mibuni isishikwe na kutu ya majani wala chulebuni. Mama anasema shati la babu la shambani lilikuwa na madoa ya buluu yasiyotoka hata ulisugue vipi.

Nikaanza kutafuta, na kumbe dawa ya babu ilianzia kwa wakulima wa mvinyo haohao! Mwishoni mwa miaka ya 1870 ukungu kutoka Marekani uliingia Ufaransa, ukawa unapukutisha majani ya mizabibu. Mwaka 1882 profesa wa mimea wa Bordeaux, Alexis Millardet, akipita Saint-Julien, aliona mizabibu ya kando ya barabara bado ina majani, wakati ya ndani imebaki vijiti. Wenyewe walikuwa wameimwagia mrututu na chokaa. Si kwa sababu ya ukungu, la. Walikuwa wanawatisha wapita njia wanaodokoa zabibu, manake nani atakula zabibu yenye madoa ya buluu? Millardet akafanya majaribio, akachapisha matokeo mwaka 1885, na dawa ikasambaa duniani kwa jina la Bordeaux, mpaka kwenye kihamba chetu.

Hapa Uingereza hadithi inaanzia kwingine. Eve Balfour, mkulima wa Haughley huko Suffolk, alitoa mwaka 1943 kitabu kiitwacho The Living Soil, yaani udongo ulio hai. Ni neno lilelile tulilonalo kwenye "kilimo hai", na napenda kwamba Kiswahili kimelishika. Mwaka 1946 yeye na wenzake wakaanzisha Soil Association, na mwaka 1967 chama kikaandika viwango vyake vya kwanza. Walichokuwa wanakihangaikia ni udongo. Chupa yangu haikuwepo kwenye mawazo yao.

Umoja wa Ulaya ulipotunga sheria yake mwaka 1991, dawa za kutengenezwa kwa kemikali za viwandani zilikatazwa, mrututu ukaachwa. Mkulima wa mizabibu hakuwa na kingine cha kutegemea dhidi ya ukungu. Siku hizi kuna kikomo, kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, kwa sababu shaba haiozi. Inabaki palepale udongoni. Mimi hapo naona haya kidogo kwa niaba yao: harakati iliyoanza kwa kuutetea udongo, na bado inaudai udongo uvumilie.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia dukani. Sheria ile ya 1991 iliishia shambani. Mpaka 2012 hukuruhusiwa kuandika "mvinyo wa kilimo hai" Ulaya, ila "mvinyo wa zabibu za kilimo hai" tu. Ndipo kanuni zikaingia mpaka kwenye mapipa. Salfaiti, kile kihifadhi, kwa mvinyo mwekundu mkavu ziliwekewa kikomo cha miligramu 100 kwa lita badala ya 150. Zimepunguzwa, hazijaondolewa. Marekani ni tofauti: ukiongeza salfaiti, huruhusiwi kuuita mvinyo wenyewe wa kilimo hai. Kwa hiyo anayezikwepa asome maandishi madogo, asitegemee jani.

Sasa pauni zangu nne zilinunua nini? Zilinunua mkaguzi. Shamba la mizabibu linasubiri miaka 3 ya mpito, halafu linakaguliwa kila mwaka, na karibu na jani kuna namba ya waliokagua. GB-ORG-05 ni Soil Association. Yangu ilikuwa FR-BIO-01, yaani Ecocert wa Ufaransa. Na ukaguzi ni pesa. Afrika Mashariki ilipata kiwango chake mwaka 2007, na alama yake Kilimohai, ambayo wakulima wadogo wanaweza kuipata kwa kukaguana wenyewe kwenye vikundi. Lakini ukaguzi wa majirani hauuzi kahawa London kama ya kilimo hai. Hapa wanataka cheti cha mkaguzi wa nje. Kwa hiyo mkulima wa Machame anaweza asipulize chochote kabisa, na kahawa yake ikae rafu ya kawaida.

Nikampigia Mama. "Mama, mrututu unaruhusiwa. Ila kwa kipimo."

"Kipimo?" Akacheka. "Babu yako alikuwa anapima kwa kopo la maziwa."

Chupa, akasema, ilikuwa imeshaisha siku nyingi.