Waliolazwa Miaka kwa Kifua Kikuu cha Mgongo

Mwaka 1910, watafiti Grafton Elliot Smith na Marc Armand Ruffer walichapisha uchunguzi wa maiti iliyokaushwa huko Misri, ya kuhani wa mungu Amun aliyeitwa Nesperehan, aliyefariki yapata miaka 3000 iliyopita. Pingili za mgongo wake zilikuwa zimelika na kubonyea upande wa mbele, akabaki na kibiongo. Kutoka hapo jipu kubwa lilikuwa limeteremka ndani ya msuli wa kiuno kuelekea pajani. Madaktari wa mifupa wa leo wanaijua vizuri sura hiyo: ni kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Vijidudu vya kifua kikuu (TB) kwa kawaida huingia kupitia mapafu, kisha damu inaweza kuvibeba hadi kwenye tezi, figo, ubongo au mifupa. Katika mifupa, mgongo ndio unaoshambuliwa zaidi, na mgonjwa huenda asikohoe hata kidogo. Mgongo humuuma kwa miezi, anakonda, anatokwa jasho usiku. Miguu ikianza kuishiwa nguvu, ujue usaha au mfupa uliobonyea umeshagandamiza neva.

Uhusiano wa kibiongo na miguu kupooza ulielezwa vizuri mwaka 1779 na Percivall Pott, daktari mpasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's, London, na ugonjwa ukapewa jina lake. Chanzo chake hakukijua. Bakteria wenyewe walitangazwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882.

Kinachoniuma katika historia hii ni vitanda. Kwa kuwa dawa haikuwepo, madaktari waliamini mgongo ukitulizwa kabisa utapona wenyewe. Berck, kwenye pwani ya kaskazini mwa Ufaransa, ukawa mji wa watu waliolala. Wagonjwa, wengi wao watoto, walifungwa plasta kiwiliwili wakalazwa chali kwa miezi, wengine kwa miaka. Walikula wakiwa wamelala, na walipotaka kwenda ufukweni walibebwa na mkokoteni uliovutwa na farasi, macho yakitazama mbinguni. Huko Leysin, Uswisi, daktari Auguste Rollier alianza mwaka 1903 kuwaanika wagonjwa juani milimani. Wapo waliopona. Lakini ni utoto kiasi gani uliopotelea kwenye magodoro yale!

Dawa ya streptomaisini ilipatikana Marekani mwaka 1943, isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952, na bado watu waliendelea kulazwa. Aliyethubutu kuwainua ni daktari Peter Konstam, akiwa Ibadan, Nigeria, ambako wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda. Aliwapa dawa, akawaacha watembee na warudi makwao. Ripoti zake za mwaka 1958 na 1962 zilionyesha kwamba wengi walipona.

Wakubwa wa fani walitaka ushahidi zaidi, na wakaupata Korea Kusini. Mjini Masan, wagonjwa waliolazwa miezi 6 walilinganishwa na waliotembea tangu mwanzo. Pusan, waliovaa plasta miezi 9 na wasioivaa. Wote walikuwa wakitumia dawa. Matokeo yaliyotolewa miaka ya 1970 hayakuona faida ya kitanda wala ya plasta. Dawa ndizo zilizoponya, na hadi leo ndizo msingi wa tiba. Upasuaji hufanyiwa hasa wale ambao neva zao zimebanwa vibaya au mgongo umepinda mno.