Kigoma: Kuogelea Pamoja na Samaki wa Ziwa Tanganyika

Ziwa hili lina kina cha takriban mita 1,470. Duniani ni Baikal la Urusi pekee linalolizidi. Nchi nne zinaligawana: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Hewa ikiwa safi, milima inayoonekana ng'ambo ni ya Kongo.

Chini ya maji
Vaa miwani ya kuogelea, sogea penye mawe, kisha utulie. Muda si mrefu samaki wadogo wenye mistari watajitokeza wakila mwani juu ya mawe. Wengi ni jamaa wa sato. Ziwani humu wapo wa aina zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani kwingine. Baadhi huatamia mayai mdomoni. Wengine hutaga ndani ya magamba matupu ya konokono. Ndiyo maana tunaomba magamba yaachwe yalipo.

Usiku wa giza
Mwezi usipokuwepo, taa za wavuvi hutapakaa ziwani. Mwanga huvuta dagaa waje juu, nao migebuka huwafuata. Kunapokucha, dagaa huanikwa juani mwaloni.

Kabla ya kuingia majini
• Waulize wenyeji mahali salama.
• Ogelea na mwenzako. Kina huongezeka ghafla.
• Upepo ukianza kuvuma na mawimbi kupanda, toka majini.
• Kaa mbali na nyavu na mitumbwi.
• Usiwalishe tumbili. Takataka zako ondoka nazo.