Jinsi ya kuchagua plagi za gari la turbo lililoongezewa nguvu

KIFAA kidogo kinachotoshea kiganjani chaweza kuamua iwapo injini ya gari la kasi itadumu, au itaishia katika gereji ikiwa na pistoni iliyotoboka. Kifaa hicho ni plagi, na wamiliki wengi wa magari ya turbo huinunua kwa kutazama bei au jina lililo kwenye pakiti pekee.

Nchini Kenya suala hili huwagusa hasa wenye Subaru Impreza WRX na ndugu yake STI. Impreza ilijijengea sifa hapa kupitia Safari Rally, ambapo Colin McRae aliibuka mshindi mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Magari mengi ya aina hiyo yaliingizwa kutoka Japan yakiwa yametumika, na si haba yaliyobadilishiwa bomba la moshi, kipoza hewa na programu ya kompyuta ya injini punde baada ya kufika.

Injini ya EJ20 iliyo katika mengi ya magari hayo, yenye lita 2 na silinda nne zilizolala, ilianza kuuzwa mwaka 1989. Huko Japan iliagwa kwa toleo la mwisho la WRX STI la magari 555 tu, lililotangazwa mwaka 2019. Kila injini inayoharibika leo kwa uzembe, basi, si rahisi kuipatia mbadala.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba plagi haiongezi nguvu. Kazi yake ni mbili: kutoa cheche kwa wakati uliopangwa, na kuondoa sehemu ya joto kutoka kwenye chumba cha mwako. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kila plagi huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli mara 50 kwa sekunde moja.

Ncha ya plagi hufanya kazi vyema ikiwa na joto la kati ya nyuzi 450 na 850 za selsiasi, au karibu na hapo. Likishuka chini ya kiwango hicho, masizi hayaungui, hivyo hujirundika kwenye kauri hadi umeme ukapata njia ya mkato na cheche ikapotea. Likipanda kupita kiasi, ncha yenyewe hugeuka kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya cheche kutolewa. Huo mlipuko wa mapema ndio unaoyeyusha pistoni, tena kwa muda mfupi mno, pengine kabla dereva hajang’amua kwamba kuna tatizo.

Ndiyo sababu plagi hutengenezwa kwa viwango mbalimbali vya joto. Plagi ambayo mafundi huiita moto ina ncha ndefu ya kauri, kwa hivyo joto husafiri mbali kabla ya kufika kwenye chuma cha injini. Plagi baridi ina ncha fupi na hupoa haraka. Maneno hayo huwapotosha wengi: plagi moto haitoi cheche yenye nguvu zaidi, wala plagi baridi haitoi cheche hafifu. Tofauti ni kasi ya kupoa tu.

Gari linapoongezewa nguvu, joto la mwako huongezeka pia, na hapo plagi za kiwandani hulemewa. Kanuni inayotumiwa sana, na ambayo kampuni ya NGK huitaja, ni kushuka hatua moja ya ubaridi kwa kila nyongeza ya nguvu farasi 75 hadi 100. Hatua moja hupunguza joto la ncha kwa takriban nyuzi 70 hadi 100.

Kwa hivyo WRX iliyobadilishiwa bomba la nyuma pekee haihitaji plagi tofauti na zile za kiwandani. Iliyowekewa turbo kubwa na programu mpya huhitaji hatua moja, na nadra sana gari la kutumia barabarani kuhitaji hatua mbili. Dhana kwamba plagi ikiwa baridi zaidi ndiyo bora zaidi haina msingi. Plagi ya mashindano ndani ya gari linalotambaa katika msongamano wa Waiyaki Way kila asubuhi itajaa masizi katika muda wa majuma machache, na mwenyewe atalalamika kwamba gari linakula petroli na kukwama likiwaka.

Mtego mkubwa zaidi u katika nambari. Kwa NGK, nambari kubwa humaanisha plagi baridi zaidi: 7 ni baridi kuliko 6. Denso pia hufuata mkondo huo ila kwa nambari zake, ambapo 20 hukaribiana na 6 ya NGK, 22 na 7, na 24 na 8. Bosch na Champion wao huenda kinyume: nambari ikikua, plagi huwa moto zaidi. Mnunuzi anayehama kutoka NGK hadi Bosch kwa kudhani nambari kubwa ni kinga zaidi huenda akaiweka injini yake katika hatari aliyokuwa akiikimbia.

Herufi nazo zina maana. Katika plagi ya NGK iitwayo BKR7E, herufi B na K hueleza upana wa nyuzi wa milimita 14 na kichwa cha spana ya milimita 16, R ni kizuizi cha mwingiliano wa redio, 7 ni kiwango cha joto na E ni urefu wa nyuzi wa milimita 19. Plagi hiyo hutumiwa sana katika WRX za lita 2 za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo katika soko la Marekani zilitoka kiwandani na PFR6G.

STI ya lita 2.5 iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 2004 huhitaji SILFR6A, na hatua moja baridi zaidi yake ni LFR7AIX. Hii nayo ina nambari 7, lakini nyuzi zake zina urefu wa milimita 26.5. Ikiingizwa katika injini inayotaka milimita 19, itachomoza ndani ya silinda na huenda ikagongwa na pistoni. Ile fupi ikiwekwa katika tundu refu, nyuzi zilizobaki wazi hujaa kaboni na mwako huharibika. Kutajia muuzaji kwamba gari ni Subaru ya turbo, basi, hakutoshi. Msimbo wa injini na kitabu cha gari ndivyo vya kutazamwa.

Baada ya kiwango cha joto huja pengo, yaani nafasi kati ya elektrodi mbili ambayo cheche huruka. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda, na hewa iliyoshindiliwa ni vigumu umeme kuipenya. Koili ikishindwa kufikisha umeme wa kutosha, cheche haitokei. Dalili yake ni gari kushtukashtuka dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho, ilhali likiendeshwa polepole halina neno.

Tiba ni kupunguza pengo. Plagi nyingi huuzwa zikiwa na pengo la milimita 0.8 hadi 1.1, kwa injini iliyoongezewa shinikizo, mafundi wengi huanzia 0.7 au 0.75. Kupunguza mno pia kuna gharama yake, kwani cheche ndogo huwasha petroli kwa shida injini inapounguruma bila mwendo. Busara ni kubakiza pengo kubwa kabisa ambalo halisababishi cheche kukatika.

Pengo hupimwa kwa geji ya waya au vibapa, na kurekebishwa kwa kupinda elektrodi ya nje pekee. Elektrodi ya kati ya plagi za iridiamu, ambayo kipenyo chake huwa milimita 0.6 au hata 0.4, haipaswi kuguswa wala kuegemezewa kifaa chochote. Huvunjika.

Kuhusu madini, ubishi miongoni mwa wapenzi wa magari haujakoma. Plagi ziitwazo za shaba kwa hakika zina elektrodi ya nikeli. Shaba iko ndani kama kiini cha kusafirisha joto. Nikeli huyeyuka kwa nyuzi 1,455, platinamu 1,768 na iridiamu 2,446. Iridiamu huhimili mwako mkali na ncha yake nyembamba huhitaji umeme mdogo zaidi kutoa cheche, sifa inayosaidia sana kwenye turbo.

Hata hivyo, za nikeli si duni. Ni nafuu, na anayezibadilisha mara kwa mara, tuseme kila kilomita 15,000 au mapema zaidi, atapata matokeo yaleyale. Iridiamu humfaa zaidi asiyetaka kufungua injini kila mara, na katika Subaru hilo si jambo dogo: plagi zimejificha ubavuni, karibu kabisa na kuta za gari, na betri pamoja na mifereji ya hewa hulazimika kuondolewa kwanza.

Mazingira ya Kenya yanaongeza jingine. Shinikizo la hewa jijini Nairobi ni takriban kilopaskali 83, huku Mombasa likiwa 101. Gari lenye kidhibiti cha turbo kinachohesabu tu ziada juu ya hewa ya nje, likipangwa Nairobi kwa ziada ya kilopaskali 100, huwa na jumla ya 183 ndani ya mfereji wa hewa. Likiteremka Pwani, jumla hiyo hufika 201, yaani karibu asilimia 10 zaidi, tena katika joto la Mombasa. Plagi zilizotosha Nairobi huenda zikawa zimefika ukingoni huko.

Aidha, petroli ya daraja la juu nchini Japan huuzwa kwa kawaida ikiwa na okteni 98 hadi 100, kiwango kinachozidi kile cha petroli ya kawaida ya super hapa nchini. Injini iliyopangwa kwa petroli hiyo hugonga upesi ikipewa iliyo chini yake. Hapa ni lazima pasemwe waziwazi: plagi baridi haiponyi kugonga kunakotokana na petroli hafifu au muda mbaya wa cheche. Huo ni wajibu wa programu ya kompyuta, na plagi huchaguliwa baada yake, si badala yake.

Plagi bandia ni hatari nyingine, nazo hufanana mno na halisi. Maandishi yaliyofifia, elektrodi ya nje isiyoelekea katikati na washa inayochomoka kwa urahisi ni dalili za kutiliwa shaka. Plagi ya NGK yenye herufi R ikipimwa kwa mita huonyesha ukinzani wa takriban kilo-omu 5. Isiyoonyesha ukinzani wowote irudishwe dukani.

Ufungaji hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa kuwa kichwa chake ni cha aluminiamu na nyuzi zake hukatika kwa urahisi. Plagi mpya huzungushwa kwa mkono hadi ikome, kisha huongezwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa spana. NGK hushauri nyuzi zisipakwe grisi, maana grisi humfanya fundi akaze kupita kiasi bila kujua.

Zinapotolewa, plagi hupangwa kwa mfuatano wa silinda ili zisomwe. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Masizi makavu huashiria petroli nyingi au plagi baridi mno, unyevu mweusi huashiria oili, na kauri nyeupe yenye malengelenge huashiria joto la kupindukia. Vijidoa vidogo vinavyometameta kwenye kauri ni vya kuogopewa kuliko vyote, kwa kuwa ni aluminiamu iliyobanduka kutoka kwenye pistoni. Kwa injini za EJ, mafundi wazoefu huanza kukagua ile ya silinda ya nne.