Darasa la Yatima ni Darasa la Kijiji

Neno yatima hubadilika maana kwa kadiri ya anayelitamka. Katika fikihi, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubalehe. UNICEF humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 ambaye amefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Bibi wa Muleba, mkoani Kagera, anayelea wajukuu wanne huenda asilitumie kabisa. Kwake hao ni wanawe. Mfadhili wa mbali, akilisikia, humwona mtoto asiye na mtu, naye hutaka kumjengea shule ya peke yake yenye bweni na uzio. Makala haya yanadai kwamba fedha inayochangwa kwa jina la yatima wa kijijini ijenge shule ya umma anayosoma pamoja na wenzake, na sehemu yake imfuate hadi nyumbani.

Ushahidi tunao mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983. Watafiti waliozisaili kaya za mkoa huo kati ya 1991 na 1994 walirudi mwaka 2004 kuwatafuta watoto wale wale, wakiwemo waliokwisha kuhama. Walibaini kuwa aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 alipungukiwa, kwa wastani, na mwaka mmoja wa masomo na sentimita 2 za kimo. Kimo ni kumbukumbu ya lishe na maradhi ya utotoni. Kwa hiyo hasara ya mtoto huyu haianzii darasani. Hata akijengewa darasa zuri namna gani, ataliingia akiwa na njaa ile ile. Uji wa saa nne na sare ya shule vinastahili kuandikwa kwenye bajeti ile ile ya saruji.

Kujenga nako kuna mahali pake pa kuanzia. Anayepita vijijini hukutana na maboma: kuta za tofali za kuchoma zilizofika kwenye linta, hazina kenchi wala bati, na ndani nyasi zimefika magotini. Wanakijiji wamekwisha kutoa walichonacho, yaani tofali, mchanga, maji na nguvu zao. Kilichowashinda ni vya dukani: saruji, nondo, mbao, mabati. Harambee inayomalizia boma hupata darasa kwa fedha kidogo kuliko inayoanzia msingi, na darasa hilo hubaki kuwa la waliolifyatulia tofali.

Hata hivyo, msaragambo, yaani kazi hiyo ya pamoja ya wanakijiji, nao una ukali wake. Nimewahi kumwona bibi mmoja akigonga kokoto kwa nyundo ndogo, mguu mmoja ameunyoosha, kitambaa amejifunga kidoleni, ili atimize ndoo za kokoto zilizopangiwa kaya yake. Jirani yake mwenye vijana watatu alidaiwa ndoo idadi ile ile. Huo si usawa. Kaya inayolea yatima isamehewe, na fungu lake lilipwe na fedha ya wachangiaji kabla haijanunua hata bati moja.

Wapo wanaosema ujenzi ni jukumu la serikali, na kwamba michango huipa mwanya wa kujitoa. Hoja hiyo nzito naikubali kwa sehemu. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukafuta ada hadi kidato cha nne. Watoto wakafurika, huku kiwango kikibaki wanafunzi 45 kwa darasa la msingi. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa Uviko-19, serikali ilijenga vyumba 15,000 kwa shilingi milioni 20 kila kimoja. Uwezo basi upo, na ni haki kuendelea kuudai. Lakini milioni 20 hizo zilikuwa za chumba. Za kumtoa bibi kwenye kokoto hazikuwemo.

Anayekusudia kuchangisha, kabla hajapiga picha ya mtoto yeyote, akae na kamati ya shule aulize mambo matatu: boma limeishia wapi, mabati mangapi yanahitajika, na ni kaya zipi zimeshindwa kutimiza ndoo zao.