Mtihani wa Serikali na safari ya kuingia chuo kikuu: mambo ambayo mzazi na mfinalisti wanapaswa kuyajua



Kila mwaka makanisa yetu ya Mashariki huwaita wafinalisti mbele na kuwaombea kabla ya mtihani. Tuendelee hivyo. Lakini sisi wachungaji tunaona pia vijana wenye akili wakikwama kwa sababu ya jina lililoandikwa vibaya, buletini iliyobaki kijijini wakati wa kukimbia vita, au seksio iliyochaguliwa kwa kufuata rafiki. Mambo hayo yanaweza kuzuiliwa mapema. Ndiyo maana tumeyapanga hapa hatua kwa hatua.

Mitihani iliyo njiani

Mtoto wa Kongo hupita mitihani mitatu ya taifa. Wa kwanza ni ENAFEP, mwisho wa mwaka wa sita wa shule ya msingi. Wa pili ni TENASOSP, mwisho wa mwaka wa nane. Kazi ya huu wa pili ni kuchagua na kuelekeza: unasaidia kuonyesha ni seksio gani inamfaa mwanafunzi. Baada ya hapo anaingia humanite, miaka minne, na mwisho wake ndio Mtihani wa Serikali, ule ambao sote tunauita EXETAT. Umekuwako tangu 1967, na anayepata asilimia 50 au zaidi hupewa diploma ya Serikali. Bila diploma hiyo mlango wa chuo kikuu umefungwa.

Kuchagua seksio

Wazazi wengi huanza kufikiria chuo kikuu mtoto akiwa mfinalisti. Wakati huo nusu ya uamuzi imekwisha kufanyika. Mtoto anayetamani udaktari na amesoma komersiale atakutana na kemia na biolojia ambazo hakuzizoea, na kuna vyuo ambavyo havitampokea katika fakilte hiyo. Anayetaka uinjinia ahesabiwe kwanza nguvu yake katika hesabu na fizikia. Pedagojia humwandaa kijana kufundisha. Seksio za ufundi kama umeme, mekanika, kilimo na ushonaji humpa kazi ya mikono hata kama pesa ya chuo itakosekana.

Basi, mtoto akiwa mwaka wa nane, mzazi aende shuleni aongee na prefe wa masomo. Waangalie pamoja buletini: ni masomo gani mtoto anafaulu bila kusukumwa? Tusimpeleke seksio ya sayansi kwa ajili ya heshima ya familia tu. Na msichana mwenye hesabu nzuri asiambiwe kwamba seksio ya sayansi ni ya wavulana.

Mtihani wenyewe

EXETAT ina sehemu mbili. Kwanza ni hors-session, inayotangulia kwa majuma kadhaa. Humo mna insha ya Kifaransa, na kwa seksio za ufundi mna kazi ya vitendo mbele ya juri. Vijana wengi huidharau, na kumbe pointi zake zinahesabiwa. Kisha inakuja sesio ya kawaida, siku nne mfululizo: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsio. Maswali ni ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa, nayo karibu yote ni kwa Kifaransa.

Hapa watoto wetu wa vijijini huumia. Nyumbani ni Kiswahili, Kinande, Mashi au Kilega, na Kifaransa hubaki darasani. Mtoto anaweza kujua jibu lakini asielewe swali. Dawa yake ni kusoma Kifaransa kidogo kila siku tangu mwaka wa kwanza wa humanite, na kujizoeza na maswali ya miaka iliyopita huku akiangalia saa.

Makaratasi

Jina, jina la baba na tarehe ya kuzaliwa viwe vilevile kwenye cheti cha kuzaliwa, buletini na fomu ya kuandikishwa. Shule huandikisha wafinalisti miezi mingi kabla ya mtihani, na herufi moja iliyokosewa wakati huo itatokea kwenye diploma. Mzazi aombe kuiona orodha kwa macho yake kabla haijatumwa.

Buletini za humanite zifanyiwe fotokopi, na picha zake ziwekwe kwenye simu za watu wawili wanaokaa mahali tofauti. Anayelazimika kukimbia atashukuru. Akifika anakokimbilia, asikae akisubiri utulivu: aende upesi kwa prefe wa shule ya karibu na kwenye ofisi ya wainspekta, aeleze alikuwa ameandikishwa wapi. Na aliyeacha shule zamani asikate tamaa. Sheria inamruhusu kufanya mtihani kama otodidakti, baada ya jaribio la kwanza.

Kuingia chuo kikuu

Kwa kawaida vyuo huomba diploma au hati ya kufaulu, buletini za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, cheti cha afya na picha. Diploma yenyewe huchelewa kutoka Kinshasa, kwa hiyo hati ya muda itunzwe kama dhahabu. Asilimia nazo zina uzito: 50 inatosha kupata diploma, lakini fakilte kama udaktari mara nyingi hudai zaidi, au huweka mtihani wao wa kuingia.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vimeanza mfumo wa LMD: miaka mitatu ya lisansi, miwili ya masta, kisha udokta. Mzazi aliyezoea grade ya miaka mitatu na lisansi ya miaka miwili asichanganyikiwe: lisansi ya sasa ndiyo hatua ya kwanza.

Makanisa yetu yamejenga vyuo huku Mashariki: ULPGL huko Goma tangu 1985, UEA huko Bukavu tangu 1991, na Shalom huko Bunia. Hata Chuo Kikuu cha Kisangani kilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963. Kuna pia vyuo vya Serikali na vya ndugu Wakatoliki. Popote unapokwenda, uliza kwanza kama chuo kinatambuliwa na wizara, na kama fakilte ile imeruhusiwa. Uliza gharama za mwaka mzima, pamoja na nyumba na chakula.

Pesa ya chini ya meza

Tuseme wazi. Mahali pengine wafinalisti huchangishwa pesa ya "kuwapokea wasimamizi", na majibu huuzwa usiku kwa WhatsApp. Watahiniwa hupewa seri mbalimbali za maswali, kwa hiyo anayenunua majibu mara nyingi hununua hewa. Hata yakiwa ya kweli, kijana huyo atakaa auditoriamu asielewe chochote, na mzazi aliyeuza mbuzi atauza na shamba. Mzee wa kanisa anayelipa rushwa hiyo kwa ajili ya mtoto wake amewafundisha watoto wote wa parokia.

Kanisa lifanye nini?

Kila parokia ina mwalimu, muuguzi au mwanafunzi wa chuo. Wapewe chumba na taa mara mbili kwa juma wawafundishe wafinalisti Kifaransa na hesabu. Kitengo cha wanawake kinaweza kuweka mfuko mdogo kwa ajili ya ada ya mtihani ya yatima na wahamiaji wa vita. Na matokeo yakitoka, tumtembelee aliyekosa kabla ya kumpongeza aliyefaulu. Mwaka ujao upo, na anaweza kurudia.