Zambia: Hesabu ya Reli na Hesabu ya Uhuru

Serikali inapotaka kujenga reli au barabara, hutanguliza uchunguzi: mizigo ni kiasi gani, inatoka wapi, inakwenda wapi, na ardhi yenyewe imekaaje. Uchunguzi huo ni jicho la serikali. Lakini jicho huona kule tu linakoelekezwa. Historia ya reli ya jirani zetu wa Zambia na sisi ni ushahidi tosha.

Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, shaba yake, iliyokuwa uti wa mgongo wa uchumi, ilipita zaidi kusini, kwa reli ya Rhodesia, hadi bandari za Msumbiji iliyokuwa ikitawaliwa na Wareno. Mwaka huo huo wataalamu wa Benki ya Dunia walitoa maoni kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa, na kwamba barabara ingetosha. Hawakubahatisha. Walipima gharama za reli mpya na zile za njia iliyokuwapo, wakaiona ya zamani ni nafuu. Kasoro ilikuwa katika msingi wa hesabu: ilichukuliwa kwamba njia ya kusini itabaki wazi.

Msingi huo haukudumu. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru. Mwezi uliofuata Zambia ilikatiwa mafuta. Ikabidi yaletwe kwa ndege, na kwa malori katika barabara ambayo masika yaliigeuza tope, hata ikaitwa njia ya jehanamu. Januari 1973 Smith aliufunga mpaka. Nauli nafuu ya njia iliyofungwa haimfai mtu.

Uchunguzi mwingine, wa kampuni ya Maxwell Stamp, uliogharimiwa na Uingereza na Canada na kutolewa mwaka 1966, ulisema reli inaweza kulipa. Ardhi ilikuwa ile ile na shaba ile ile, lakini majibu yalipingana, kwa kuwa makisio hayakuwa yale yale.

Baada ya mkataba uliotiwa saini Beijing Septemba 1967, wapimaji wa Kichina waliikagua ardhi kwa miguu. Hapo ndipo ugumu wa sehemu ya Mlimba hadi Makambako, yenye milima, mabonde na udongo wa kuteleza, ulipojulikana kwa kipimo, na mahandaki na madaraja yakapangiwa mahali pake. Upana wa njia ukawekwa milimita 1,067, ili mabehewa yaungane na reli ya Zambia huko Kapiri Mposhi. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na Julai 1976 reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa.

Hata hivyo, haki itendeke kwa waliotia shaka. Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka kila upande, na kiasi hicho hakijapata kufikiwa. Injini zilipungua, mafuriko yaliharibu njia, bandari ikasongamana. Oktoba 1978 Zambia ililazimika kuifungua tena njia ya kusini. Mwaka mmoja baadaye makomando wa Rhodesia walilipua daraja la reli la Mto Chambeshi. Waliopima ardhi walifanya kazi nzuri. Lakini reli haiishi kwa ardhi peke yake. Matengenezo, gati na ulinzi navyo vilihitaji kuhesabiwa mapema, kisha kuhesabiwa upya kila hali ilipobadilika.

Askari aliyefundishwa upelelezi analielewa jambo hili. Katika ripoti yake hutenganisha alichokiona, alichoambiwa na anachokisia, ili kamanda ajue atie mguu wapi. Uchunguzi wa usafirishaji hauna budi kufanywa vivyo hivyo. Na takwimu zake nyingi huanzia mikononi mwa watu wa ulinzi: polisi anayehesabu malori kwenye kizuizi, anayeandika ajali na mahali ilipotokea, mlinzi wa daraja anayetoa taarifa ya ufa. Namba iliyojazwa kwa kukisia ili zamu iishe hupanda ngazi hadi wizarani, na huko hugeuka barabara, daraja au deni. Atakayelipa deni hilo ni mwananchi.