Mbio za Nyikani: Njia za Miguu za Handeni na Korogwe

Katika lugha ya Kiswahili kitenzi kukimbia kimetwishwa mizigo miwili. Ashindaniaye tuzo hukimbia, na aiokoaye roho yake naye hukimbia. Ziko lugha zilizompa kila mmoja wao neno lake, na mfasiri aihamishaye habari ya Kiswahili kwenda katika lugha hizo hulazimika kujiuliza kila mara: huyu akimbiaye, je, nyuma yake yuko nani? Hakuna mahali ambapo swali hilo lina uzito kuliko katika njia za miguu za Handeni na Korogwe, kwa kuwa karibu historia yote ya nchi hiyo imeandikwa kwa nyayo za watu waliokuwa wakienda mbio.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Katikati lipo bonde la mto Ruvu, ambao watu wa pwani huuita Pangani kwa jina la mji ulioko mlangoni mwake. Kaskazini ya bonde imesimama milima ya Usambara; kusini imetandaa nyika ya Uzigua, yenye ukame wa mara kwa mara, hata ikutane na milima ya Nguu. Vijiji vingi vya huko vimeitwa kwa majina ya watu. Upande wa Korogwe kuna Kwamndolwa, Kwagunda na Kwashemshi. Upande wa Handeni kuna Kwamsisi na Kwamatuku. Maana yake ni kwamba njia ya nyika haikutoka mahali kwenda mahali, bali ilitoka kwa fulani kwenda kwa fulani. Na wala haikunyooka. Ilipinda kufuata maji, ikapinda kufuata kivuli, ikapinda tena kukwepa hatari.

Mkimbiaji wa kwanza kutajwa katika njia hizo ni Mbegha, mwindaji wa Nguu, ambaye wanahistoria humweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Habari zake zimehifadhiwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Mbegha alizaliwa kigego, yaani aliota meno ya juu kabla ya yale ya chini, na ndugu zake wakamnyima urithi kwa sababu hiyo. Akaenda Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa nchi. Siku moja kijana huyo akafa mawindoni mikononi mwa Mbegha. Usiku ule ule Mbegha na wenzake wakashika njia pamoja na mbwa wao, wakaiacha nyika na kupanda milimani. Huko aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akagawa nyama, akaua simba, na watu wa Vugha wakampa enzi. Hivyo utawala wa Wakilindi, uliodumu vizazi vingi katika Usambara, ulianzishwa na mtu aliyekimbia. Wazee walioisimulia habari hiyo hawakuona haya kuitaja mbio ile, na mwandishi naye hakuificha.

Lakini si kila aliyekimbia alifika kwenye enzi. Katika miaka ya 1830 ukame na njaa viliishika Uzigua, na njia zile zile zikageuza uso kuelekea baharini. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula. Wengine walijiweka rehani, wengine waliuzwa, na simulizi zao husema kwamba wengine walihadaiwa kwa ahadi ya kazi na shibe, wakapakiwa majahazini hadi pwani ya Banadiri. Huko walilimishwa kama watumwa katika bonde la mto Shebelle. Kutoka huko kundi moja likatoroka, likiongozwa na mwanamke mwenye maono, Wanankhucha, nia yao ikiwa kurudi kwao kwa miguu. Walifika mto Juba, wakaweka makao katika misitu ya Gosha, na safari ya kurudi ikasimama hapo.

Nyumbani nako hakukuwa na utulivu. Kutoka kukimbia lugha huzaa kukimbiza, na nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa zama za neno hili la pili. Kimweri ya Nyumbai, mtawala mkuu wa Usambara, alifariki mwaka 1862, na warithi wake wakagombana. Semboja, mmoja wa wanawe, alikaa Mazinde, chini ya milima, mahali ilipopita misafara ya Pangani, akapata bunduki na baruti kwa kuuza pembe na watu. Na isisemwe kuwa mkimbizaji alikuwa mgeni siku zote. Wapo Wazigua waliouzwa na wapo Wazigua waliouza. Njia moja iliwabeba wote wawili, mmoja mbele na mwenzake nyuma.

Waliokimbizwa walikimbilia wapi? Hapa ndipo msomaji wa visiwani atakapojiona yu karibu na watu wa bara. Vijiji kadhaa vya bonde la Ruvu, Maurui na Korogwe vikiwamo, vilijengwa juu ya visiwa vya mto, maji yakawa ndiyo ngome yao. Njia ilifika ukingoni ikakoma, na kuvuka kulitaka idhini ya wenyeji. Hivyo Korogwe, ambayo leo msafiri huipita kwa basi akiielekea Moshi au Arusha, iliwahi kuwa kisiwa cha kimbilio.

Hata hivyo, nyika haikumpa kila mtu kimbilio. Bushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani dhidi ya Wadachi kuanzia mwaka 1888, aliposhindwa alikimbia kupitia Uzigua, akakamatwa huko, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitungia vita hiyo utenzi, na kwa hiyo wapenzi wa ushairi wanaijua mbio ile ya mwisho.

Baada ya hapo dola ilitaka njia zinyooke. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, nayo haikuuliza ipite kwa nani. Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliziteka Korogwe na Handeni, na katika vita hivyo, kwa pande zote mbili, watu wa Afrika Mashariki walitwishwa mizigo ya askari hata wengi wakafa njiani. Hao walikatazwa hata kukimbia. Katika miaka ya 1970 serikali iliwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na njia nyingi zilizokuwa zikienda kwa fulani zikaota majani, kwa kuwa fulani hakuwapo tena.

Ndipo likaja jambo ambalo mtunzi wa hadithi angelaumiwa kwa kulibuni. Vita vilipoisambaratisha Somalia mwaka 1991, wajukuu na vitukuu vya wale waliopakiwa majahazini walikimbia kutoka bonde la Juba. Baadhi yao walishuka pwani ya Kenya na Tanzania. Maelfu walipokewa Mkuyu, wilayani Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo katika wilaya hiyo hiyo. Walikuwa wangali wanasema Kizigua. Baada ya miaka zaidi ya 150 waliwasalimu wenyeji kwa lugha ya mababu, na wenyeji wakaitika. Katika karatasi waliandikwa wakimbizi, neno lenye shina lile lile la kukimbia, hali kwa damu na kwa ulimi walikuwa wamefika kwao. Kufikia mwaka 2014 wengi wao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania.

Ni vyema kulipima neno hilo kabla ya kulitamka. Aitwaye mkimbizi hutazamwa kana kwamba historia yake imeanza siku alipovuka mpaka, na hutakiwa kuonyesha hati ya mahali alipotoka. Wazigua wa Chogo hati yao ilikuwa ulimi, nayo ilikuwa kongwe kuliko mipaka yote waliyoivuka. Nao walioitambua hawakuwa maofisa, bali wanakijiji waliosikia maneno yao wenyewe yakitoka katika vinywa vya wageni.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mbio za Wazigua nazo zilifika ukingoni, kwenye mchanga wa pwani, na hapo zilipaswa kwisha. Hazikwisha. Zilivuka bahari, zikazunguka kwa mito miwili, zikarudi nyika zilikoanzia. Leo vijana wa Handeni na Korogwe wakitimua vumbi alfajiri kwa ajili ya mazoezi, nyuma yao hakuna amkimbizaye mtu. Kwa nchi ile, hiyo si neema ndogo.